MWALIMU WA VIZIWI ALIYETULETEA SIMU, NA KWA NINI SIMU ZA OFISINI HUZIMA UMEME UKIKATIKA

Leo sina siasa wala udaku. Nataka niwape stori ya jamaa mmoja aliyekufa zamani, mwaka 1922, ila kila siku tunatumia kitu alichotuachia. Anaitwa Alexander Graham Bell. Wengi wetu tulimsoma darasani kwa mstari mmoja tu, kwamba Bell aligundua simu, basi, mwalimu akageuza ukurasa. Na mimi nilikuwa najua hivyo hivyo, mpaka usiku mmoja pale Mbinga uliponifanya nianze kumtafuta vizuri.

Ilikuwa hivi. Baada ya kumaliza kidato cha nne nilipata kibarua cha mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni, jina naliweka kapuni. Bosi alikuwa ametoka Dar na mtambo wa simu wa mitumba. Kuna sanduku moja linafungwa ukutani, pale mapokezi kuna simu kubwa yenye vitufe kibao na kioo cha kuonyesha namba, halafu kila chumba kina simu yake ndogo. Mgeni akitaka maji ya kuoga anabonyeza namba moja tu, kwangu inaita. Tukajiona tuko juu ile mbaya.

Sasa usiku mmoja wa mvua umeme ukakatika. Mzee mmoja aliyefikia chumba cha mwisho kabisa akabanwa na pumu. Akainua simu, kimya. Akabonyeza namba ya mapokezi, kimya. Mtauliza kwa nini hakutumia simu ya mkononi. Chaji ilikuwa imeisha, na namba yangu hakuwa nayo. Ikabidi apapase ukuta gizani mpaka mapokezi, na alipofika alikuwa hawezi hata kutamka neno. Tukampakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, mvua inatunyeshea, mpaka hospitali. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kulipokucha nikabaki na swali kichwani. Baba mdogo alikuwa na simu ya waya ofisini kwake, ile ya kawaida isiyo na kioo wala mbwembwe, na ilikuwa inaita hata kukiwa giza totoro. Hii yetu ya kisasa imekufaje?

Fundi alipokuja akacheka. Akaniambia kila simu inakula umeme, hakuna isiyokula. Swali ni moja tu, nani anaipikia? Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka kwa Bell. Nikakuta maisha yake yote unaweza kuyasoma kwa kufuata swali hilo hilo.

Bell alizaliwa tarehe 3 Machi 1847 katika mji wa Edinburgh, Scotland. Baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi, na alitunga alama za maandishi za kuonyesha jinsi mdomo na ulimi vinavyokaa mtu anapotoa kila sauti. Mama yake alikuwa na usikivu hafifu uliozidi kupotea. Watu wengine walikuwa wanampigia kelele kwenye kifaa cha kusikilizia. Bell yeye alikuwa anasogea karibu na paji la uso la mama yake na kuongea polepole kwa sauti nzito, ili mama aisikie ile mitetemo. Hapo ndipo mtoto alipojifunza kwamba sauti ni mtetemo, na mtetemo unaweza kupita mahali pengine zaidi ya sikio.

Halafu matatizo yakaja mfululizo. Kifua kikuu kilimuua mdogo wake Edward mwaka 1867, na mwaka 1870 kikamuua kaka yake Melville. Wazazi wakabaki na mtoto mmoja tu, naye afya yake mgogoro. Wakafungasha wakahamia Canada mwaka 1870, karibu na mji wa Brantford. Mwaka uliofuata Bell akaenda Boston, Marekani, kufundisha viziwi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake hasa. Hakuwa fundi umeme, na umeme kwa kweli alikuwa anaujua kwa kuungaunga tu. Mchana anafundisha, usiku anachezea waya na betri mpaka kunakucha.

Wakati huo habari za haraka zilikuwa zinakwenda kwa telegrafu, ile ya kugonga alama. Makampuni yalikuwa yanatafuta njia ya kupitisha ujumbe mwingi kwa pamoja kwenye waya mmoja. Matajiri wawili wakampa Bell pesa ajaribu. Mmoja alikuwa Thomas Sanders na mwingine Gardiner Hubbard, na wote wawili walikuwa na watoto viziwi waliofundishwa na Bell. Binti wa Hubbard, Mabel, alipoteza usikivu akiwa na miaka mitano kwa sababu ya homa. Bell akampenda huyo binti. Mzee Hubbard alitaka mambo ya telegrafu yaende, lakini kijana akili yake ilikuwa kwenye kupitisha sauti ya mtu yenyewe kwenye waya.

Bahati ikamkutanisha na fundi kijana anaitwa Thomas Watson. Tarehe 2 Juni 1875 kile kibati chembamba cha chuma kwenye mashine ya Watson kiliganda, Watson akakichokonoa kwa kidole, na Bell aliyekuwa chumba kingine akasikia ule mlio kwenye waya. Kumbe mtetemo wa chuma karibu na sumaku ulikuwa umezaa umeme wenyewe, kidogo sana, ukasafiri. Kutoka hapo jamaa hakulala.

Tarehe 14 Februari 1876 maombi yake ya hataza, yaani cheti cha serikali cha kumiliki uvumbuzi, yalipelekwa Washington. Siku hiyo hiyo mtu mwingine, Elisha Gray, naye alipeleka karatasi zake za kitu kinachofanana. Ugomvi wa nani alitangulia haujaisha mpaka leo. Wapo pia wanaomtaja Mtaliano Antonio Meucci, na mwaka 2002 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kumheshimu kwa kazi yake ya simu. Hata hivyo hataza alipewa Bell, tarehe 7 Machi 1876, namba 174,465. Siku tatu baadaye, tarehe 10 Machi, Watson akiwa chumba cha pili alimsikia Bell kwenye waya akimwita aje, na maneno akayaelewa.

Sasa rudini kwenye swali la fundi. Siku ile simu ilikula nini? Ilikula betri. Kulikuwa na kikombe cha maji yaliyotiwa asidi kidogo, na sindano iliyoning'inia kwenye ngozi nyembamba. Ukiongea, ngozi inatetemeka, sindano inazama na kupanda, na mkondo unaotoka kwenye betri unapungua na kuongezeka kufuata sauti. Lakini simu walizoanza kuwakodishia watu mwaka 1877 hazikuwa na betri kabisa! Zilikuwa na sumaku, waya uliozungushwa na kibati. Sauti yako ndiyo iliyokuwa jenereta. Unapiga kelele, kibati kinatetemeka mbele ya sumaku, umeme kiduchu unazaliwa, unakwenda kutikisa kibati cha upande wa pili. Hakuna bili, hakuna mgao. Tatizo lake ni kwamba sauti ilifika dhaifu na ilibidi mtu apayuke.

Hapo akaingia Thomas Edison, aliyekuwa anafanya kazi kwa ajili ya wapinzani wa Bell, kampuni ya Western Union. Edison akatengeneza kinasa sauti cha kaboni. Sauti haikuwa tena na kazi ya kuzalisha umeme, ilikuwa na kazi ya kuongoza umeme wa betri tu, kama mtu anayefungua na kufunga koki ya bomba. Sauti ikawa kubwa na safi. Makampuni mawili yakapelekana mahakamani, na mwaka 1879 wakapatana. Western Union ikatoka kwenye biashara ya simu na kampuni ya Bell ikaruhusiwa kutumia ufundi ule. Tangu siku hizo simu ikawa kitu cha kulishwa. Sauti nzuri tukapata, ila uhuru wa kutotegemea umeme ukaondoka.

Kulisha kwenyewe kulikuwa kazi. Mwanzoni kila nyumba yenye simu iliwekewa betri zake, na fundi anapita mlango kwa mlango kuzihudumia. Ukitaka kumwita mtu wa kituoni unazungusha mkono wa jenereta ndogo. Miaka ya 1890 wakabadilisha mpango, betri kubwa zikawekwa kituo cha simu, na umeme ukapelekwa kwa wateja kwenye nyaya zile zile za kuongelea. Volti 48 za DC ndizo zilizokuja kuwa kawaida sehemu nyingi duniani. Ukiinua mkonga wa simu, unavuta mkondo mdogo tu, kama miliampea 20 mpaka 50, na simu yako inakula chini ya wati moja. Ikiita, kituo kinatuma umeme mwingine wa AC wa kama volti 75 mpaka 90 kugonga kengele. Kule kituoni betri zinachajiwa muda wote na jenereta linasubiri. Hiyo ndiyo siri ya simu ya baba mdogo. Yeye alikuwa gizani, lakini simu yake ilikuwa inapikiwa kwingine.

Bell mwenyewe wakati huo alishaondoka kwenye biashara. Alimuoa Mabel tarehe 11 Julai 1877, siku chache baada ya kampuni kuanzishwa, na zawadi yake ya harusi ilikuwa karibu hisa zake zote. Alijibakizia kumi tu. Jiulize kijana wa leo anayeweza! Mwaka 1880 alipitisha sauti kwenye mwanga wa jua, akakiita kifaa hicho fotofoni, na wazo la kupitisha maongezi kwa mwanga ndilo tunaloliona leo kwenye mkongo wa mawasiliano. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Bell alitengeneza kifaa cha kutafuta chuma mwilini, lakini risasi haikupatikana na Rais akafa. Baadaye akahamia kwenye tiara, ndege na boti ziendazo kasi. Mwaka 1909 kikundi chake kilirusha ndege ya Silver Dart juu ya barafu ya ziwa kule Baddeck, Canada.

Ila nisiwafiche upande wa pili. Bell aliwapenda viziwi lakini kwa masharti yake. Alitaka wafundishwe kuongea kwa mdomo na kusoma midomo ya watu, akapinga lugha ya alama shuleni. Mwaka 1883 aliandika kwamba viziwi wakizidi kuoana wao kwa wao itatokea jamii ya viziwi, kama vile hilo ni balaa. Mawazo ya namna hiyo yalisaidia kuwanyima viziwi wengi lugha yao kwa miaka mingi, na mpaka leo wengi wao jina lake haliwapendezi. Halafu fikiria, mama yake na mke wake, watu aliowapenda kuliko wote, hawakuweza kuutumia uvumbuzi wake. Alijenga njia ya sauti na wapenzi wake wakabaki nje ya njia. Nikimkumbuka yule mzee wa chumba cha mwisho naona ni somo lile lile. Mtambo unaweza kuwa mzuri sana na bado ukamwacha mtu anayeuhitaji.

Sasa njooni nyumbani, kwenye ufukwe wetu wa Ziwa Nyasa. Agosti 1914 vita ya kwanza ya dunia imeanza Ulaya. Pale Liuli, Wajerumani wakati huo wanapaita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jabali, meli yao Hermann von Wissmann imevutwa nchi kavu inatengenezwa. Waingereza wa upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, habari za vita zimeshawafikia. Kapteni Rhoades akaja na meli Gwendolen akaanza kuipiga mizinga ile ya Wajerumani. Kapteni wa Kijerumani alikuwa anafahamiana naye, wameshakunywa pamoja, na hakuwa na habari kwamba nchi zao zinapigana. Akamwendea kwa hasira kumuuliza kulikoni, na akachukuliwa mateka. Ujumbe kwake haukufika. Miezi mitano tu baadaye, Januari 1915, Bell akiwa New York aliongea kwa simu na Watson aliyekuwa San Francisco, upande wa pili kabisa wa Marekani. Dunia ile ile moja.

Sisi wa Mbinga na Nyasa kukosa mawasiliano tunakujua. Songea na Mbinga zilitegemea mitambo ya dizeli mpaka gridi ya Taifa ilipotufikia mwaka 2018 kwa laini ya kutoka Makambako. Gridi imesaidia sana, lakini upepo, miti na radi za milimani hazijahama. Kwa hiyo mwenye ofisi, gesti au duka la pembejeo anayetaka kuweka simu za kisasa, asikilize niliyofundishwa na fundi.

Lile sanduku la ukutani, mafundi wanaliita PABX, ni kituo kidogo cha simu. Linachukua umeme wa ukutani wa volti 230 AC, linaushusha kuwa DC, halafu linazilisha simu zote za ndani. Ile simu yenye vitufe na kioo haina akili yake peke yake, umeme na maelekezo vyote vinatoka kwenye sanduku. Usiichomeke kwenye laini ya kawaida ya nje, haitafanya kazi na inaweza kuungua. Sanduku likizima, jengo zima limekuwa bubu, hata kama laini ya nje ni nzima. Ndicho kilichotupata sisi.

Kujua linakula kiasi gani, soma kibandiko cha adapta yake. Zidisha volti kwa ampea. Mfano volti 24 mara ampea 2 ni wati 48, na hicho ni kiwango cha juu. Ukiweka betri mbili za volti 12, ampea-saa 7, zikaungwa kuwa volti 24, una wati-saa 168. Betri hizi zisinyonywe zaidi ya nusu, zitakufa mapema, kwa hiyo hesabu 84. Gawanya kwa 48 unapata kama saa moja na dakika 45. Ukitaka usiku mzima tafuta betri ya sola ya volti 12, ampea-saa 100, pamoja na inveta. Nusu yake ni wati-saa 600, na ukitoa upotevu wa inveta unapata kama saa kumi. Betri ya gari haipendi kazi hii, imetengenezwa kwa kuwasha injini.

Pili, muulize fundi kama sanduku lina swichi ya dharura, ile inayoiunga laini ya nje moja kwa moja na simu moja ya kawaida umeme ukikatika. Mingi inayo, watu hawaiungi tu. Simu hiyo italishwa na kituo cha nje kama ile ya baba mdogo, ilimradi laini ni ya waya wa shaba. Tatu, ndani ya sanduku kuna kibetri kinachotunza kumbukumbu. Kikichoka, kila umeme ukikatika namba za vyumba zinaweza kufutika. Nne, chimbia waya wa ardhi, na weka kinga ya radi kwenye umeme na kwenye laini ya simu pia, maana radi inaingia popote. Tano, kwa wale wa simu za intaneti zinazolishwa na waya wa mtandao, kumbukeni swichi na ruta navyo vinakula. Kuiwekea betri simu na kuisahau ruta ni kazi bure.

Pale gesti tulifanya hivyo. Bosi alinung'unika bei ya betri, lakini nilimkumbusha yule mzee na pikipiki kwenye mvua, akatoa pesa.

Bell alifariki tarehe 2 Agosti 1922 nyumbani kwake Beinn Bhreagh, Nova Scotia, Canada, akiwa na miaka 75. Mabel alikuwa pembeni yake. Siku ya mazishi, tarehe 4 Agosti, simu za Marekani na Canada zilizimwa kwa dakika moja kwa heshima yake. Mamilioni ya simu kimya. Lakini kimya kile kilipangwa, watu walikijua na kilikuwa na mwisho. Cha kwetu usiku ule hakuna aliyekipanga, kilikuja tu kwa sababu hatukuwahi kujiuliza simu zetu zinapikiwa na nani.

Kwa hiyo mdau, leo ukitoka hapo kafe, angalia simu ya ofisini kwenu, fuata waya wake mpaka mwisho, ujue umeme unatoka wapi. Wenye uzoefu, mafundi hasa, mwageni maujuzi hapo chini tuelimishane. Nawasilisha.